Alifukuzwa shule bila cheti, akatuachia jicho la kuona ndani ya kifua cha mtoto

Ukipita kwenye steji ya mabasi ya Kisumu asubuhi mapema, humkosi. Mama ameshuka kwenye matatu ya Usenge, mtoto yuko mgongoni amefungwa kwa leso, na mkononi kuna bahasha kubwa ya kaki. Makanga alimwambia aiweke nyuma pamoja na magunia ya omena, mama hakutaka hata kusikia. Ameikumbatia njia nzima isije ikakunjika. Ndani hamna pesa. Mna picha nyeusi yenye mistari myeupe ya mbavu: kifua cha mwanawe.

Mtoto mwenyewe anakohoa tangu akiwa mchanga. Ametibiwa nimonia mara tatu, labda nne. Kila mara anapata nafuu, anacheza, halafu baada ya wiki kadhaa kifua kinaanza tena kupanda na kushuka kwa haraka. Na kila mara picha ikipigwa, kuna kivuli. Swali ambalo hakuna aliyeliuliza bado ni hili: mbona kivuli hicho kinarudi palepale?

Leo nataka nikusimulie habari za mtu aliyetuwezesha kuuliza swali kama hilo. Jina lake ni Wilhelm Conrad Röntgen. Amekufa zaidi ya miaka 100 sasa. Hakuwa daktari. Na hili ndilo litakalokushangaza wewe uliye kidato cha tatu au cha nne: cheti cha kumaliza shule ya upili hakuwa nacho.

Kijana aliyekataa kumchomea mwenzake

Röntgen alizaliwa Machi 27, 1845 katika mji wa Lennep, Ujerumani. Alikuwa mtoto wa pekee wa mfanyabiashara wa vitambaa. Mamake alikuwa na jamaa Uholanzi, na mtoto alipokuwa na miaka mitatu familia ilihamia huko, katika mji wa Apeldoorn. Shuleni hakuwa yule wa kushika namba moja kila muhula. Alipenda kutembea porini na kuundaunda vitu kwa mikono yake.

Akiwa katika shule ya ufundi mjini Utrecht, yakamkuta makubwa. Mwanafunzi mmoja alichora kikaragosi cha kumkejeli mwalimu. Wakubwa wa shule wakataka kujua ni nani aliyechora. Röntgen alimjua, lakini akafunga mdomo. Hakuwa tayari kumchomea mwenzake. Basi akafukuzwa yeye.

Hebu fikiria ingekuwa ni wewe. Umefukuzwa kwa kosa ambalo si lako, na bila cheti milango ya chuo kikuu imefungwa. Akajaribu mtihani kama mtahiniwa wa kibinafsi, akaanguka. Akawa anahudhuria mihadhara ya Chuo Kikuu cha Utrecht bila kuhesabiwa mwanafunzi kamili. Kisha akasikia kwamba chuo cha ufundi cha Zürich, Uswisi, hakiangalii sana vyeti, mradi uonyeshe kuwa unaweza. Mwaka 1865 akaenda, akakubaliwa, akasoma uhandisi wa mitambo. Mwaka 1869 alikuwa na shahada ya udaktari wa falsafa.

Usidhani mambo yalinyooka hapo. Profesa wake, August Kundt, alimchukua kama msaidizi na wakaenda pamoja Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani. Röntgen alipoomba kupanda ngazi awe mhadhiri, chuo kikamkatalia. Sababu? Kile cheti cha shule. Kisa cha Utrecht kilikuwa kinamfuata kama deni. Akaondoka, akahama chuo hadi chuo, Strasbourg, Hohenheim, Strasbourg tena, Giessen, huku akifanya kazi yake taratibu. Mwaka 1888 Würzburg wenyewe wakamwita arudi, safari hii kama profesa na mkuu wa taasisi ya fizikia. Miaka sita baadaye wakamfanya mkuu wa chuo kizima.

Sisemi cheti hakina maana. Mzazi wako akisoma haya asije akanilaumu. Ninachosema ni kwamba huyu jamaa, mlango ulipofungwa, hakukaa chini kuutazama.

Ijumaa moja gizani

Sasa twende kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa, Novemba 8, 1895, naye alikuwa na miaka 50. Wanafizikia wengi wa Ulaya wakati huo walikuwa wakichunguza mrija wa kioo ambao karibu hewa yote imetolewa, kisha unapitishwa umeme wa nguvu nyingi. Röntgen aliufunika mrija wake kwa karatasi ngumu nyeusi hata mwanga usiweze kupenya, akazima taa chumbani, akawasha umeme.

Pembeni palikuwa na karatasi iliyopakwa chumvi ya bariamu na platini. Ikaanza kung'aa.

Haikufaa kung'aa. Mrija ulikuwa umefunikwa. Akazima umeme, mng'aro ukapotea. Akawasha, ukarudi. Akaweka kitabu kinene katikati, mng'aro ukabaki. Akaweka ubao, bado. Akaweka risasi, ile metali nzito, hapo ukakatika. Kisha akaweka mkono wake mwenyewe mbele ya ile karatasi, na akaona kivuli cha mifupa yake, yeye akiwa hai.

Hapa nataka utulie kidogo, kwa sababu siri ya maisha yake yote iko hapa. Röntgen hakuwa mtu wa kwanza kuizalisha miale hiyo. Miaka mitano kabla, Februari 1890, mwalimu wa fizikia wa Philadelphia, Marekani, Arthur Goodspeed, alikuwa na mrija kama huo karibu na sahani zake za picha. Sahani zilipooshwa, moja ilikuwa na vivuli vya duara ambavyo hakuvielewa. Akaiweka kando, maisha yakaendelea. Habari za Röntgen zilipomfikia ndipo akaitafuta ile sahani na kutambua alichokuwa nacho miaka yote hiyo.

Wote wawili waliona kitu kisichoeleweka. Mmoja alipita. Mwingine alikaa nacho wiki saba, akila na hata kulala kwenye maabara, bila kumwambia karibu mtu yeyote, akikipima huku na huku. Na kwa kuwa hakujua miale hiyo ni nini, aliipa jina la X, ileile x ya aljebra inayokusumbua darasani: kitu ambacho bado hakijajulikana.

Desemba 22, 1895 alimwita mkewe, Anna Bertha, akamwomba aweke mkono juu ya sahani ya picha na asitikisike kwa takriban dakika 15. Picha ilipotoka, ilionyesha mifupa ya vidole na pete ikielea juu ya kidole kimoja. Inasimuliwa kuwa Bertha aliingiwa na hofu, akahisi kana kwamba ameonyeshwa kifo chake. Huwezi kumlaumu. Kabla ya siku hiyo, mtu aliyetaka kuiona mifupa alilazimika kungoja kaburi.

Dunia yazizima

Desemba 28 alikabidhi ripoti yake kwa chama cha wanasayansi cha Würzburg. Siku ya Mwaka Mpya wa 1896 alituma nakala na picha kwa wenzake, na kabla ya wiki kwisha magazeti yalikuwa yamechacha. Mnamo Januari 23 alitoa mhadhara ukumbi ukiwa umefurika, akapiga picha ya mkono wa mzee Albert von Kölliker, mtaalamu maarufu wa anatomia, mbele ya watu wote. Mzee huyo akapendekeza miale ipewe jina la Röntgen. Hadi leo Wajerumani huiita hivyo.

Februari 3, 1896, kule Hanover, New Hampshire nchini Marekani, kijana wa miaka 14 aitwaye Eddie McCarthy, aliyekuwa ameanguka akiteleza kwenye barafu, aliwekwa mbele ya mrija kama huo na mkono wake uliovunjika ukaonekana. Hiyo haikuwa hata miezi mitatu tangu ile Ijumaa.

Fikiria utajiri aliokuwa ameukalia. Kila hospitali duniani ingehitaji mashine hiyo. Wenye viwanda walitaka mkataba naye. Röntgen akakataa kusajili hataza. Aliamini kilichogunduliwa chuoni ni mali ya watu wote, na yeyote mwenye uwezo wa kutengeneza mashine na aitengeneze. Alipopewa heshima ya kuitwa mtu wa ukoo bora, akaikataa pia.

Mnamo Desemba 1901 mjini Stockholm alipokea Tuzo ya Nobel ya Fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa. Fedha za tuzo akazitoa kwa Chuo Kikuu cha Würzburg, kilekile kilichomkataa kwa sababu ya cheti. Mwezi huohuo, maelfu ya kilomita kutoka huko, reli kutoka Mombasa ilifika kwenye ukingo wa ziwa letu, mahali palipoitwa Port Florence. Ndipo hapo Kisumu tunapopanda matatu leo.

Kivuli kifuani

Sasa turudi kwa yule mama na bahasha yake.

Kama umewahi kukaa Dunga au Mbita usiku usio na mwezi, umeziona taa za wavuvi wa omena zikimeta majini kama mji mwingine. Ukiweka kiganja mbele ya taa ile, ukutani unapata kivuli cha kiganja. Eksirei ni mchezo huohuo, ila taa yake inapenya nyama. Mfupa huizuia, kwa hiyo kwenye picha hutoka mweupe. Hewa huiachia ipite, kwa hiyo hutoka nyeusi. Pafu zima lenye afya limejaa hewa, ndiyo maana huonekana jeusi katikati ya mbavu. Nimonia ikiingia, sehemu hiyo hujaa majimaji, na weupe hutokea pasipostahili.

Watoto wengi wanaokohoa kando ya ziwa wana maradhi tunayoyajua: nimonia, kifua kikuu, pumu. Lakini wapo wachache waliozaliwa na pafu ambalo halikuumbika sawasawa tumboni mwa mama. Si laana, si kijicho cha jirani, wala si kosa la mama. Na kwa kuwa ni wachache, ni rahisi sana kuwapita.

Kuna mtoto ambaye kipande cha pafu lake kina vifuko vyenye maji au hewa. Vifuko vikishambuliwa na viini, anapata dalili zilezile za nimonia. Dawa zinamtuliza, weupe unapungua, lakini vifuko viko palepale vikingoja safari nyingine. Kuna mwingine mwenye kipande cha pafu ambacho hakijaunganishwa na njia za hewa, na damu yake inatoka moja kwa moja kwenye mshipa mkuu wa mwili badala ya kwenye mishipa ya mapafu. Kipande hicho hakipumui, kipokipo tu, na mara nyingi hukaa chini upande wa kushoto.

Kuna ambaye hewa inaingia sehemu moja ya pafu na kushindwa kutoka, ikavimba na kulisukuma pafu jingine na hata moyo. Kwenye picha sehemu hiyo ni nyeusi kupita kiasi, na mtu mwenye haraka anaweza kudhani hewa imevuja nje ya pafu. Hayo ni mambo mawili tofauti. Ya pili huhitaji kutoboa kifua na kuweka mrija. Ya kwanza ukiitoboa, unaweza kumwongezea mtoto hatari. Na kuna anayezaliwa na tundu kwenye kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, hivi kwamba utumbo umepanda juu. Picha yake humwonyesha msomaji makini mapovu ya hewa ya utumbo mahali ambapo pafu lilipaswa kuwa.

Unaona sasa? Picha pekee haitoshi. Goodspeed alikuwa na picha. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa nayo na kuuliza: mbona hivi?

Wengine wameendeleza kazi ya Röntgen. Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alitafuta hesabu za kuunganisha miale inayopita mwilini kutoka pembe nyingi. Mwingereza Godfrey Hounsfield akatengeneza mashine yenyewe, na Oktoba 1971 ikatumika kwa mgonjwa wa kwanza mjini London. Wakashirikiana Nobel ya 1979. Hiyo ndiyo skani ya CT. Badala ya kivuli kimoja, inakupa mwili vipande vipande kama slesi za mkate, na ukiingiza dawa ya kung'arisha mishipa, ule mshipa uliopotea njia kuelekea kipande kisichopumua unaonekana waziwazi. Naye Ian Donald wa Glasgow aliionyesha dunia mwaka 1958 kwamba mawimbi ya sauti yanaweza kumwona mtoto akiwa bado tumboni. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza mjamzito apimwe ultrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki 24. Baadhi ya hitilafu hizi za mapafu huonekana hapo, miezi kabla ya kilio cha kwanza.

Habari njema ni kwamba nyingi zinatibika. Wengine hufuatiliwa tu. Wengine hupasuliwa na sehemu mbovu kuondolewa, na kwa kuwa mapafu ya mtoto bado yanakua, yaliyobaki huweza kujaza pengo naye akakimbia na wenzake uwanjani.

Habari ngumu ni safari. Mtoto wa kisiwa cha Mfangano anayetumwa Kisumu kwa vipimo zaidi anaanza na boti hadi Mbita, kisha feri hadi Luanda K'Otieno, kisha matatu. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa 1969, hupokea watu kutoka pande zote za ziwa. Nauli, chakula, siku za kazi zilizopotea, yote hayo ni gharama ya swali moja. Miale yenyewe mwenye nayo aliitoa bure. Njia ya kuifikia bado haijawa bure.

Moto wa miale

Kuna jambo moja sharti nilitaje. Mwanzoni watu waliichezea miale hii kama mwenge wa sherehe. Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi Thomas Edison, aliweka mikono yake mbele ya mrija siku baada ya siku. Akaungua, akakatwa mikono, akafa mwaka 1904. Edison akaogopa, akaachana na kazi hiyo kabisa. Leo picha moja ya kifua hutumia miale kidogo sana, hivyo usiiogope daktari akiiagiza. Skani ya CT hutumia zaidi, na kwa mtoto kipimo hupunguzwa, wala haifanywi kwa kukisia. Ultrasaundi haitumii miale hiyo kabisa.

Siku za mwisho

Röntgen alihamia Munich mwaka 1900. Yeye na Bertha hawakujaliwa mtoto wa kuzaa, lakini walimlea binti ya kaka wa Bertha tangu akiwa na miaka sita. Bertha aliugua kwa muda mrefu, akafariki mwaka 1919. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, thamani ya pesa za Ujerumani iliporomoka na akiba ya mzee ikayeyuka. Mtu ambaye angeweza kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa zama zake alimalizia siku zake kwa kujibana. Alifariki Februari 10, 1923 kwa saratani ya utumbo, akiwa na miaka 77, akazikwa Giessen. Kwa agizo lake, karatasi zake za utafiti zilichomwa moto.

Hivyo hatuna mengi aliyoyaandika faraghani. Tuna lile alilolifanya: aliona kitu kidogo kisichoeleweka, akakataa kukipita.

Nawe unaweza. Kama nyumbani kuna mtoto anayerudiwa na nimonia, mwambie mama asitupe picha za zamani. Aende nazo zote, aziweke mezani kwa pamoja, amuulize daktari kama kivuli kiko mahali pamoja. Si kumkosea heshima, ni kumpa anachohitaji ili alinganishe. Na kama unapenda fizikia na baiolojia, jua kuna kazi ya kupiga picha hizi na kazi ya kuzisoma, na kandokando ya ziwa hili wenye macho hayo wanahitajika.

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Kwenye ile bahasha ya kaki kuna wingu dogo. Anahitajika mtu wa kulitazama mara ya pili.